Paa

Baba aliezeka mapaa ya Greenock miaka arobaini,
vigae vya mawe, mvua ya ubavuni, midomo imebana misumari.
Mimi mwanawe nikipanda kiti kubadilisha taa
magoti huanza kuongea.
Mtaani walisema damu imeruka kizazi.

Leo yuko chini, ndani ya gari, hita inanguruma,
goti lake la chuma limenyooshwa,
gazeti limekunjwa kwenye ukurasa wa mbio za farasi.
Kwa mwoga huenda kicheko, nasi kwetu kimekwenda mara tatu:
mara tatu nilipanda, mara tatu nikarudi kabla ya chai kupoa.

Ishbel Tulloch alitangulia. Hana maneno mengi, Ishbel.
Mfukoni ana pipi za mnanaa, moja kwa kila saa,
na kamba aliyoapa hataifungua,
maana kamba, asema, humkumbusha mtu kuanguka.

Tulivuka kinamasi kilichonyonya kiatu changu kama ndama,
tukapita zizi lililobomoka, kondoo wenye alama ya buluu mgongoni,
halafu paa. Si la nyumba; wa porini,
majike sita, masikio wima, wakitupima,
wakaondoka kwa miguu isiyojua neno kisunzi.

Kisha pale.
Pale mgongo wa mlima hukonda,
upana wa meza ya jikoni, halafu wa kiti, halafu wa wazo.
Kushoto hewa. Kulia hewa, na chini yake ziwa
dogo kama sarafu iliyomdondoka mtu asirudi kuitafuta.
Jiwe lile nalijua. Lina doa la kuvu rangi ya haradali.
Nimelikumbatia kuliko nilivyowakumbatia baadhi ya ndugu.

Hofu haikai kichwani. Iko nyayoni,
hukunja vidole ndani ya soksi vitafute cha kushika.
Tena, hili sijamwambia mtu, hubembeleza.
Haisemi utaanguka. Husema: njoo.

Ishbel hakusema jikaze. Alisema, "Kaa."
Nikakaa. Nikaning'iniza miguu, mmoja kila upande,
kama mtoto juu ya punda mgonjwa,
nikajivuta: mkono, mkono, kalio,
mkono, mkono, kalio,
nikihesabu kwa sauti, nikikosea, nikianza tena kumi na nne.
Suruali ikasema chwaa.
Kijana na mbwa wake wakatupita wima, kijana akipiga mluzi.
Mbwa alinihurumia.

Kileleni hapakuwa na kitu. Rundo la mawe, ukungu,
ganda la ndizi la mtu asiye na adabu.
Ishbel akamimina chai. Ukungu ukapasuka
kwa muda wa kikombe kimoja, pengine nusu,
na chini yangu, chini!, akapita kunguru,
nikauona mgongo wake.
Miaka arobaini na sita nimetazama matumbo ya ndege.
Sikujua kwamba juu wanang'aa hivyo,
weusi wenye buluu ndani, kama mafuta kwenye lami iliyolowa.
Akapaa hadi usawa wa macho yangu,
akanitazama mara moja,
hakuona cha ajabu.

Mpanda ngazi hushuka: hivyo hukemewa wenye majivuno.
Mimi niliushika msemo huo kama ahadi
njia nzima ya kurudi, kalio, mkono, mkono.

Baba alishusha kioo. Hakuuliza kama nimefika.
Aliutazama mshono wa nyuma, upepo ukiingia bila hodi,
aliutazama kwa muda, kifundi.
"Paa la kanisa la kilimani," akasema, "lile lenye mnara.
Nililivuka vivyo hivyo, kila asubuhi.
Mama yako alishona suruali saba."
Kisha akanitandikia gazeti, farasi na yote,
nisije nikalowesha kiti.